Marehemu Aliyefika Dirishani

Saa mbili na robo asubuhi, karani wa masjala ya mirathi anafungua dirisha lake dogo la chuma, anafuta vumbi mezani kwa kiganja, kisha anaita faili la kwanza. Haiti jina la aliye kwenye foleni. Anaita la marehemu.

"Ndivyo kazi ilivyo," anasema. "Wanaosimama ni hai, wanaoitwa ni wafu."

Miaka ishirini na miwili amekaa katika chumba hiki kisicho na feni, na mafaili zaidi ya elfu sita na kikohozi kisichosikia dawa. Wenzake humwita Mama Mirathi. Naye huwatania kwamba wateja wake halisi hawajawahi kumlalamikia.

Ndugu huleta cheti cha kifo na maombi ya kuteuliwa msimamizi wa mirathi. Yeye hubandika tangazo ubaoni siku thelathini, mwenye pingamizi ajitokeze. Asipotokea mtu, hakimu humteua msimamizi, mali ikagawanywa.

Mwaka jana, siku ya ishirini na nane ya tangazo moja, alitokea mtu.

Alikuwa mzee mwembamba. Alisimama ubaoni muda mrefu, kidole juu ya jina, kisha akaja dirishani.

"Karibu, mzee. Una undugu gani na marehemu?"

"Binti yangu, marehemu ni mimi."

Mama Mirathi alicheka. Kisha akafungua faili, akaona picha.

"Macho yale yale," anasimulia karani. "Nilipopokea kitambulisho chake, nilimgusa vidole makusudi. Vilikuwa na joto."

Mzee alikuwa ameondoka miaka minane kabla, kwenda kuvunja mawe machimboni, mbali. Simu ilipotea, naye akaona haya kurudi mikono mitupu. Huku nyumbani uliopolewa mwili mtoni, uso umeharibika. Mdogo wake aliutambua kwa urefu na koti, wakauzika nyuma ya nyumba.

Hakimu aliwaita mke na ndugu wa mzee. Mdogo mtu alipomwona alirudi nyuma hadi mgongo ukagota ukutani.

"Kaka, tulikuzika kwa mikono hii hii!"

Mke hakupiga kelele. Alimsogelea mumewe, akamshika shavu, akalipapasa kama kipofu.

"Nimelia miezi tisa," alisema. "Nilikuwa namlilia nani?"

Hakimu aliinamia karatasi zake.

Maombi yalifutwa siku hiyo. Cheti cha kifo kilichukua miezi mitano kubatilishwa, na muda wote huo mzee hakuweza hata kusajili laini ya simu. Kila ofisi ilimwambia amekwisha kufa.

Sasa anaishi kwake, na kaburi liko pale pale. Amefuta jina lake, ila majani anayang'oa kila wiki. "Amelala mahali pangu," alimwambia karani. "Nimfukuze aende wapi?"

Kisheria, shauri limekwisha. Lakini Mama Mirathi, aliyebakiza miezi kumi na minne astaafu, amenakili maelezo ya chumba cha maiti: mwanamume wa makamo, mrefu, koti la kahawia, jino la mbele limevunjika. Ameandikia vituo saba vya polisi. Viwili vimejibu: hatumjui.

"Huyu naye ana watu," anasema. "Pengine kuna mke anamlaani kwamba ametoroka. Kabla sijatoka humu, nataka mtu mmoja tu aje dirishani, amuulizie."