Leso ya Mzee Ngolo

Mzee Ngolo wa Mwamkulu aliitwa Bwana Leso kwa sababu ya huruma yake: kila asubuhi alimfuta mbwa wake pua kwa leso, akiamini kwamba unyevu ule ni mafua. Siku ndama wake wa pekee alipopotea, na fisi hawako mbali, mtaalamu wetu aliifuta pua hiyo mara tatu, kisha akashangaa mbwa anazunguka zizi tu.

"Baba Selestine, unyevu huo ndio unaonasa harufu," mkewe Dina alimwambia. "Au utanusa wewe?"

Akaiweka leso mfukoni. Mbwa akajilamba pua, akainamisha kichwa, akawafikisha kwenye shamba la tumbaku alikolala ndama. Jioni, baada ya kupokea pongezi zote peke yake, Bwana Leso aliifua leso, akaikamua na kuianika, iwe tayari kwa pua ya kesho asubuhi.