Nilimpeleka Mke Wangu Likizo Nyumbani kwa Watu

"Nyinyi ni wa tatu wiki hii."

Hivyo ndivyo nilivyopokelewa kwenye nyumba ya mapumziko niliyoilipia kwa jasho langu.

Aliyesema hayo ni mzee mmoja mwenye taulo shingoni na povu la dawa ya meno mdomoni. Alikuwa amesimama kwenye mlango ambao mimi nilishaanza kuusukuma kwa begi.

"Wa tatu wa nini, baba?"

"Wa tatu kulipia nyumba yangu. Na mimi siipangishi. Naishi humu na mke wangu, mwaka wa kumi na tisa huu."

Nikacheka. Nilidhani mzee ana utani.

Mke wangu hakucheka. Aliweka begi lake chini taratibu, akakunja mikono, akaniangalia mimi. Kwa mzee hata jicho hakutupa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana mkinicheka bila kujua yote mtakuwa mnanionea. Mkijua yote, mtanicheka kwa haki.

Mimi ni fundi mihuri. Kaduka kangu kana mashine moja ya kuchongea, meza, na kiti cha mgeni. Ukitaka mhuri wa kampuni, wa shule, wa kikundi cha kina mama, njoo. Nusu saa tu unaondoka nao.

Mke wangu ni muuguzi, wodi ya wazazi. Miaka minne hajaonja likizo. Kila zamu yake ya kupumzika ikifika, mwenzake anaugua au wodi inafurika, naye hajui kusema hapana.

Safari hii matroni akampa siku saba, akamwambia kabisa: "Ukizipoteza hizi, nyingine mpaka mwakani."

Na alitaka kitu kimoja tu, jamani. Mahali penye maji karibu, alale mpaka aamke mwenyewe. Watoto wetu tungewaacha kwa mdogo wake.

Nikajipiga kifua mbele yake. "Niachie mimi."

Nikaingia mtandaoni. Nikaona nyumba kando ya ziwa, veranda pana, vitanda vyeupe pee. Bei nzuri.

Nikamwandikia dalali wake. Akajibu haraka, kwa adabu, kila neno "bosi". Akasema: "Bosi, ukilipa kupitia tovuti wanakata chao. Nitumie moja kwa moja kwenye akaunti yangu, nakupunguzia robo."

Tovuti yenyewe ilikuwa imeandika kwa herufi nyekundu: usilipe nje ya hapa. Nilisoma. Nikaona hayo wameandikiwa wajinga.

Mke wangu akasema, "Mpigie simu ya video basi, tuione nyumba."

Nikamwomba dalali. Akajibu kwamba mtandao huko ziwani ni mbovu.

"Mtandao mbovu, lakini ujumbe anajibu kabla hujamaliza kuandika?" mke wangu akauliza.

"Wewe mambo ya biashara huyajui."

Ndiyo, nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu.

Nikalipa. Ikaja picha ya risiti kwenye simu, imegongwa mhuri wa duara, bluu, kingo safi. Nikamwonyesha mke wangu kwa madaha.

"Tazama mhuri huo. Tapeli hawezi kuwa na mhuri kama huo. Hiyo kazi ya fundi."

Basi, turudi mlangoni kwa mzee.

Alisukutua, akatukaribisha ndani, mkewe akatuletea maji ya kunywa. Sebule ilikuwa ileile ya kwenye picha, ila kulikuwa na miwani ya kusomea juu ya redio na soksi zimeanikwa dirishani. Mzee akasema miaka ya nyuma alitaka kuiuza nyumba, akapigisha picha, kisha akaghairi. Picha zikabaki mtandaoni zikizurura.

Mimi nilikuwa nimeshika simu nafuta ujumbe wa dalali, mmoja baada ya mwingine. Aibu, ndugu zangu. Nilitamani usibaki ushahidi wa ujinga wangu duniani.

"Unafanya nini?" mzee akanifokea. "Acha! Usifute hata nukta! Mmeshapiga simu benki?"

"Bado."

"Pigeni sasa hivi. Wale wa kwanza walikaa kwenye hicho hicho kiti wakilia saa nzima, pesa ikahama. Walikuwa na mtoto mchanga, masikini."

Mke wangu alishapiga tayari. Akaeleza yote kwa sauti yake ile ya wodini, bila kutetemeka. Benki wakasema watazuia chochote kilichobaki kwenye ile akaunti, lakini tukaandikishe malalamiko ofisi ya kulinda walaji, leo leo.

Mzee akafungua droo. "Chukueni na hizi mpeleke. Wenzenu waliniachia risiti zao, walizichapisha kwenye karatasi."

Nikazipokea. Nikazisogeza dirishani.

Nikazisogeza tena karibu na jicho.

Mimi mihuri sisomi. Nachonga ishirini kwa siku. Ukiniuliza wa jana uliandikwa nini, sijui. Naangalia kingo tu. Lakini kila mhuri ninaochonga naweka kijinukta kimoja chini ya nyota, kidogo kama jicho la sisimizi, ili nijue kazi yangu popote nitakapoikuta. Kwenye simu hakikuonekana.

Kwenye karatasi kilikuwepo. Kwenye zote mbili.

Ule mhuri niliousifia ulikuwa wangu. Mchimba kisima nimeingia mwenyewe, tena na begi.

Nikazikunja karatasi, nikazitia mfukoni. Nikajiambia, nani atajua? Tulipanda gari kurudi mjini, mimi nahesabu nguzo za umeme.

"Mbona umenyamaza?" mke wangu akauliza. "Tangu unioe hujawahi kunyamaza dakika kumi."

"Kichwa kinauma."

"Mh," akasema. Muuguzi huyo. Wanaoumwa kichwa anawajua.

Ofisini tulipokelewa na mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kwa mnyororo. Alitusikiliza bila kutucheka, na hapo tu nilitaka kulia.

"Kaka, mlaji ana haki zake," akasema. "Ana haki ya kujua anayemuuzia ni nani. Ana haki ya kupata alicholipia, au arudishiwe chake. Ungelipa ndani ya tovuti, wao ndio wangebanwa. Wewe ukaruka ukuta mwenyewe."

"Kwa punguzo la robo," mke wangu akaongezea. Asante sana, mke wangu.

Mama wa miwani akazigeuza zile risiti. "Tatizo, huyu mtu hana sura. Akaunti ya jina la kuazima, namba ya simu imezimwa. Kungekuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kumwona kwa macho..."

Nikajiambia, mhuri ukijulikana umechongwa dukani kwangu, leseni yangu imekwenda. Sheria inasema usichonge mhuri wa kampuni bila kuona cheti cha usajili. Mimi nilikuwa nauliza kitu kimoja tu: "Wino bluu au mweusi?"

Halafu nikamtazama mke wangu. Siku ya kwanza ya zile saba ilikuwa inaisha, na alikuwa ameikalia kwenye benchi la mbao, viatu kavua, miguu imemvimba. Nikamkumbuka na yule mtoto mchanga wa watu.

"Mimi nimemwona," nikasema.

Nikaeleza yote. Nilieleza mpaka kijinukta. Na kwamba dukani nina daftari, kila mhuri naujaribu humo, pembeni naandika namba ya simu ya mteja. Kijana mtanashati, ananukia vizuri, kila neno "bosi".

Mke wangu akaivuta fomu ya malalamiko. Kulikuwa na nafasi imeandikwa: Aliyemsaidia mtuhumiwa, kama anafahamika.

Akanisogezea na kalamu.

"Jaza mwenyewe, fundi. Una mwandiko mzuri."

Nikajaza.

"Kuna kingine," nikamwambia mama wa miwani, sasa sauti imeshuka. "Ameagiza mwingine. Jina jipya. Uko rafuni kwangu, anakuja kuuchukua kesho Jumatano saa nne."

Jumatano saa nne mama wa miwani alikuwa kwenye kiti changu cha mgeni, anajifanya anangoja mhuri wa kikoba chao cha akiba. Nje askari wawili wasiovaa sare wananunua vocha kwa muda mrefu kupita kiasi.

Mtanashati akaingia, ananukia.

"Bosi! Mzigo tayari?"

"Bado kidogo," nikasema. "Nahitaji cheti cha usajili wa kampuni."

"Cheti? Mbona mara ya kwanza hukuniuliza?"

"Nimebadilika."

Hapo akakasirika, jamani. Akapiga meza yangu kwa kiganja.

"Sikiliza, bosi! Mimi nimelipa! Mteja ana haki zake! Ama unipe nilicholipia, ama unirudishie pesa yangu, au nakupeleka ofisi ya kulinda walaji!"

Mama wa miwani akasimama, akavaa miwani yake.

"Karibu," akamwambia. "Ofisi ndiyo mimi."

Nitawasimulia wajukuu sura aliyoifanya.

Msidhani nilipigiwa makofi. Kijana alipokwisha kupakiwa kwenye gari, mama akanigeukia. Faini, na duka kufungwa wiki tatu mpaka niweke utaratibu wa kukagua vyeti. Sikubisha.

Alhamisi benki ikaturudishia zaidi ya nusu. Mke wangu alibakiwa na siku nne. Akatafuta nyumba nyingine mwenyewe, akampigia mwenye nyumba simu ya video, akamzungusha vyumba vyote, akamwambia afungue bomba, akaagiza choo kivutwe maji. Akalipa kwenye tovuti, humohumo ndani.

Mimi nikaanza kupanga begi langu.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Si likizo?"

"Wewe likizo yako ni wiki tatu, umeshapewa na serikali. Mimi naenda na mdogo wangu. Watoto wanaamka saa kumi na mbili, sare zao zipigwe pasi."

Akaondoka. Alipiga simu kesho yake mchana, sauti nzito ya usingizi. Alikuwa ndiyo kwanza anaamka, na nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, mbele ya sufuria ya watoto iliyoungua.

Ndugu zangu, tovuti ikikwambia usilipe nje, hajaandikiwa jirani yako. Nyumba isiyoweza kuonyeshwa kwenye video haipo, au ipo na wenyewe wanapiga mswaki. Ukishaumia, sema mapema na usifute kitu.

Na wewe unayeuza, uliza cheti, hata mteja awe ananukia vipi. Mimi sikutapeliwa na mtu wa mbali. Nilitapeliwa na mteja niliyemkaribisha kiti, nikamchongea silaha, na nikampa risiti.