Waache wakure: mchoma nyama wa Gisimenti anayekagua meno

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, Ilyasi Habiyaremye amechuchumaa ndani ya zizi la mbao chini ya mtaa wa Batsinda, Kigali, kidole gumba chake kikiwa mdomoni mwa mbuzi. Anaufunua mdomo wa chini taratibu, anachungulia, kisha anatikisa kichwa.

"Huyu bado," anasema. "Iko meno ya maziwa yote. Ni mtoto huyu, hata kama anajifanya mkubwa."

Anahamia kwa mwingine. Naye bado. Wako saba, wote chini ya miezi sita, na wamemzoea kiasi kwamba mmoja anaitafuna kola ya shati lake bila aibu. Jioni ya leo itaamuliwa kama wataendelea kula majani ya viazi vitamu hapa zizini, au Jumatatu watapelekwa machinjioni.

Ilyasi, mwenye umri wa miaka 47, ni mchoma nyama. Anaishi Nyakabanda, na kwa miaka kumi na mmoja amesimama mbele ya jiko la mkaa la mgahawa mmoja wa Gisimenti akigeuza brosheti, kama watu wa Kigali wanavyoiita mishikaki. Yeye ndiye pia anayenunua mbuzi wa mgahawa huo, na ugomvi umeanzia hapo. Mwenye mgahawa, Gwiza, anataka mbuzi wadogo kwa sababu nyama yao ni laini. Ilyasi hataki kumgusa mbuzi ambaye hajabadilisha meno.

Kwa msomaji asiyefuga: mbuzi ana meno manane ya mbele, yote yako chini. Akipita mwaka mmoja hivi, mawili ya katikati hung'oka na kuota makubwa. Ilyasi alifundishwa kuyatazama na marehemu baba yake, kila walipokwenda kutafuta mbuzi wa Idi.

"Baba alikuwa ananiambia, fungua mdomo, usitazame pembe. Pembe inadanganya," anakumbuka. "Mbuzi akiwa na yale meno mawili, huyo ameshaonja dunia kidogo. Mimi nikabaki na hiyo sheria, siku ya Idi na siku zingine zote."

Ana hoja nyingine, ya mizani. Mbuzi wa miezi mitano humpa kilo tano za nyama, sita akibahatika. Akimngoja mwaka mwingine, mbuzi yuleyule humpa kilo kumi na tatu. "Sasa ukichinja ndogo, umejiibia mwenyewe halafu unajipongeza kwa kula laini," anasema, na anacheka peke yake.

Cha kuchekesha zaidi ni kwamba aliyewafundisha wateja wa Gisimenti kupenda mbuzi wadogo ni Ilyasi huyuhuyu, kwa ulimi wake mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita alinunua mbuzi watatu wadogo na kuwaacha kwa Daphrose, mama mwenye zizi hili, ambaye huwalea mbuzi wa mgahawa. Siku chache baadaye Ilyasi akiwa kwenye harusi ya mpwa wake Rwamagana, ngoma zinalia, akapigiwa simu na mpishi wa mgahawa, Kenny. Nyama ilikuwa imepungua. Wale wadogo watatu tuwafanye nini?

"Nikamwambia, waache wakure," anasema Ilyasi. "Mimi nilikuwa natumia neno la Kinyarwanda, gukura. Kukua. Wakuwe wakubwa."

Kenny, aliyelelewa Bukoba na kurudi Kigali akiwa mtu mzima, alisikia kitu kingine. Katika Kiswahili cha mji huu, herufi r na l hubadilishana viti muda wote, na watu wengi husema "kukula" wakimaanisha kula.

"Nilishazoea Kiswahili cha hapa," anajitetea Kenny, ambaye sasa ana miaka 36. "Nikasikia 'waache wakule'. Nikajua wateja, waacheni wateja wale. Nikachukua baiskeli nikaenda Batsinda."

Kikapu cha baiskeli kilitosha mbuzi wawili. Wa tatu aliachwa afuatwe baadaye. Daphrose, aliyeona jambo hilo halimwingii akilini, akampigia Ilyasi simu kuuliza kama na yule mdogo wa mwisho anaondoka leo.

"Nilisikia vibaya sana," Ilyasi anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hacheki. "Wale wawili walikuwa wameshachinjwa. Nilimwambia Daphrose, huyo aliyebaki funga mlango, usimpe mtu, hata mimi nikija kumtaka usinipe."

Mbuzi huyo yupo bado. Anaitwa Akure. Ni jike jeusi mwenye doa jeupe shingoni, na wawili kati ya wale saba wa zizini ni wanawe.

Nyama ya wale wawili iliisha kabla ya saa saba mchana. Wateja wakaulizia nyingine kama ile, Gwiza akampongeza Kenny kwa ubunifu, na tangu hapo Ilyasi hakupata amani. Kila wiki aliletewa ombi lilelile: mbuzi wadogo. Kila wiki alipata sababu ya kuchelewa. Jikoni nako neno "kukura" lilipigwa marufuku. Mtu akitaka kusema mbuzi fulani aachwe akue, hugonga meno yake ya mbele kwa vidole viwili.

Wiki iliyopita Gwiza alichoka kuzungushwa. "Mimi si mbishi, mimi niko kwa biashara," anasema mama huyo aliyekulia Mbarara. "Nilimwambia, Muzee Ilyasi, tupike zote mbili, wateja wachague. Wakichagua ndogo, hao saba wanakuja. Wakichagua kubwa, mimi nanyamaza kabisa."

Saa kumi na moja jioni, Gisimenti imeanza kuchangamka. Sahani nyeupe zina nyama ya mbuzi mdogo, iliyonunuliwa kwenye bucha nyingine. Sahani za bluu zina nyama ya beberu aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka miwili na nusu. Anayejua siri ya rangi ni Kenny peke yake mbele ya wateja, na uso wake umekauka kama wa hakimu. Waonjaji ni ishirini.

Ilyasi yuko jikoni na hataki kutazama. Nyama yake imening'inia kwenye chumba cha baridi tangu Alhamisi. Ameikata kwa kukatiza nyuzi, akaipaka kitunguu na papai bichi kwa nusu saa, kisha akaishika juu ya mkaa ulioanza kuvaa majivu.

"Nyama ya mkubwa haitaki haraka," ananong'ona. "Inataka kubembelezwa."

Cassien, dereva mstaafu na mteja wa tangu mgahawa unafunguliwa, ndiye aliyezisifu nyama laini kwa sauti kubwa kuliko wote. Anaonja nyeupe, anaguna. Anaonja ya bluu, anafumba macho.

"Voilà," anasema. "Ndogo ni hii. Hata meno yangu ya bandia yanajua."

Mwandishi wa makala haya naye alionja, akatafakari kwa kina, na akakosea vilevile.

Kura zinahesabiwa mezani kwa Gwiza. Kumi na nne wamechagua bluu, sita nyeupe. Kenny anapowaambia umri wa mbuzi wa bluu, Cassien anavuta sahani karibu yake. "Basi huyo alikuwa mzee mwenzangu," anasema. "Leteni nyingine."

Gwiza anazihesabu karatasi mara ya pili. Ilyasi ametoka jikoni, mikono ameificha chini ya aproni, na mgahawa mzima umegeuka kumtazama bosi. Gwiza anainua vidole viwili na kugonga meno yake ya mbele.

Kelele za jikoni zinafika barabarani. Ilyasi anaficha uso wake ndani ya aproni, na anapouondoa macho yamelowa na anacheka.

Sasa ana mipango. Anataka zizi la Daphrose liongezwe lifikie mbuzi thelathini, na Akure awe mama wa ukoo mzima. Anataka pia kuwafundisha wanunuzi wa migahawa jirani kufungua mdomo wa mbuzi kabla ya kutazama pembe. Wawili wameshamwomba aende nao sokoni.

Lakini kwanza kuna mtu Batsinda anayesubiri kujua Jumatatu itakuwaje. Kenny anamnyooshea simu ampigie Daphrose.

Ilyasi anaisukuma pembeni, anavua aproni, na anatoka kwenda kutafuta pikipiki.

"Hiyo siipeleki kwa simu tena," anasema. "Nitaenda kumwambia kwa mdomo wangu, akiwa ananitazama."