Kura Bila Vigelegele

Walimwita Bi Mapazia kwa sababu mtaani pale hapakuwa na dirisha la maana ambalo hakulivisha. Alishona mapazia ya ofisi, ya shule, ya chumba cha kungojea cha zahanati, na ya nyumba za watu waliotaka majirani wajue kwamba nao wana mapazia. Ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake, na kwa miaka mingi mtu aliyekatwa zaidi alikuwa mmoja tu: waziri wa zamani wa maji.

Haikuwa chuki ya bure. Enzi za waziri yule mabomba ya mji mzima yalikuwa yakikohoa hewa. Bi Mapazia alibeba ndoo kichwani mpaka shingo ikawa kaidi, haigeuki kushoto. Mumewe naye alikuwa fundi bomba, kazi ambayo katika mji usio na maji ni sawa na kuwa kinyozi wa vipara. Waziri akiulizwa, aliwaambia wananchi wavute subira, mradi uko mbioni. Bi Mapazia alikuwa akisema kwamba mradi ule ulitimua mbio hizo mpaka ukavuka mpaka wa nchi.

Sasa fikiria alivyojisikia uchaguzi ulipokaribia, na mtu pekee aliyethubutu kusimama dhidi ya Rais akawa ni huyo huyo.

Rais alikuwa amekaa madarakani muda mrefu na hakuonyesha dalili ya kuchoka kukaa. Waliochoka kwa niaba yake walipelekwa kupumzishwa. Kaka yake Bi Mapazia, dereva wa lori, alisema kwenye foleni ya mafuta kwamba hata Rais anazeeka kama watu wengine. Alirudi nyumbani baada ya mwezi mzima, amekonda, na tangu hapo hata ukimuuliza kama mvua itanyesha, alitazama kwanza nyuma yake. Waziri wa zamani, kwa upande wake, alijitoa serikalini siku ulipoletwa muswada wa kumwongezea Rais muda. Alisimama, akatoka ukumbini, asirudi. Wenye midomo yao walisema alikuwa anakwenda msalani tu, akakuta waandishi wa habari mlangoni, ikabidi awe shujaa. Lakini alitoka. Wenzake wote walibaki vitini.

"Kwa nini hakutoka mtu mwingine?" Bi Mapazia alimuuliza mumewe. "Yeyote yule, hata karani."

Mumewe hakuwa mtu wa maneno. Alisema tu kwamba mwingine hawakupewa.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa mpishi wa hospitali na alikuwa wa Rais waziwazi. Sababu anayo, wala si ya kipumbavu. Miaka yote alipika kwa kuni, macho mekundu mpaka wagonjwa wakamdhania mlevi, ndipo serikali ya Rais ikaleta majiko mapya. Zimwi likujualo, alisema, halikuli likakwisha. Bi Mapazia alimjibu kwamba kaka yake dereva lilishamla robo. Baada ya hapo wanawake wale wawili, waliopendana kama watoto wa tumbo moja, waliendelea kuchambua mboga, kila mmoja akizichambua kama zimemkosea.

Kilichomponza Bi Mapazia ni kazi. Ukumbi wa mtaa ulitaka mapazia mapya, naye alikuwa juu ya ngazi akitundika la mwisho, mgombea akaingia na msafara wake kabla ya muda. Mtangazaji wa redio alikuwa akitafuta sauti ya mwananchi. Akamwona mwananchi yuko juu, pini mdomoni, akamwinulia kipaza sauti. Bi Mapazia akatoa pini.

"Huyu mheshimiwa namjua vizuri," alisema. "Alipokuwa waziri nilibeba ndoo mpaka shingo ikaharibika, na hajawahi kutuomba radhi. Simpendi. Lakini nitampa kura yangu, maana yule mwingine amekuwa mkubwa hata hataniwi."

Watu walitazamana, kisha makofi yakaanza nyuma ya ukumbi na kusogea mbele taratibu kama watu wanaojaribu joto la maji. Alishuka ngazi akidhani mambo yameishia hapo.

Kesho yake tangazo la kampeni likasema redioni: "Huyu mheshimiwa namjua vizuri. Nitampa kura yangu." Sauti ilikuwa yake, hakuna ubishi, hata ngazi ilisikika ikilalamika. Kitambaa chote cha katikati walikuwa wamekikata, wakaunga pindo kwa pindo, na yeye kama fundi ilibidi akubali kwamba mshono hauonekani. Tangazo lilipigwa kabla ya taarifa ya habari, na baada ya taarifa ya habari likapigwa tena kwa ajili ya waliochelewa.

Wanawake waliobeba naye ndoo walitaka kujua amepewa nini. Mwalimu mkuu wa kike, ambaye kaka zake walikuwa watu wa serikali, alituma salamu kwamba shule haihitaji tena mapazia, upepo unatosha. Wateja wa mumewe walimwomba awapelekee shida zao kwa mheshimiwa. Wifi ndiye aliyemuumiza kuliko wote, maana hakugomba. Alimpa hongera. Alisema hakujua kumbe wanafahamiana.

Bi Mapazia akajifunga kanga yake vizuri, akaenda ofisi ya kampeni. Vijana wa pale walimpokea kama mwimbaji maarufu. Aliwaambia hakufuata sifa, amefuata maneno yake yaliyobaki. Mabishano yakapanda, mlango wa ndani ukafunguka, na mgombea mwenyewe akamwita.

Alikuwa mfupi kuliko picha zake. Alikuwa amevua viatu, na jua la dirisha tupu lilimpiga usoni akawa anafinya macho. Bi Mapazia alilipima dirisha kwa jicho bila kutaka.

"Mama, yote uliyosema niliyasikia," mgombea alisema. "Ni kweli tupu."

"Kama ni kweli, mbona mmeyakata?"

"Ndiyo sababu."

Mgombea akamuuliza: kama angekuwepo mtu mwingine, angemchagua yeye?

"Nisingekuchagua hata ulinde tangi tupu, mheshimiwa."

Mgombea alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba hata yeye asingejichagua.

Bi Mapazia alirudi nyumbani na mzigo mzito kuliko aliokwenda nao. Mwongo hana taabu, alimweleza mumewe; unamtukana, unakwenda zako. Lakini mtu akikiri, utajuaje kama amekiri kwa toba au kwa kutafuta kura? Mumewe alifikiri sana, akasema labda yeye mwenyewe hajui.

Haikupita wiki, redio ikatoa maneno yake yote, na ndoo zake, na shingo yake, na simpendi yake. Nyuma yake ikafuata sauti ya mgombea: mama huyu ana haki, naomba radhi. Mji mzima ukaguswa. Waliokuwa wakimchukia walisema angalau ana haya. Vijana wakachapisha fulana zilizoandikwa "Hatumpendi, Tunampa", na zikaisha. Wanawake wa ndoo walimsamehe Bi Mapazia, na mwalimu mkuu akagundua kwamba upepo hautoshi. Ni yeye peke yake aliyekosa raha. Alikuwa amemtukana mtu, na matusi yake yamefanywa manukato ya mtu huyo huyo. Alitafuta wa kumkasirikia asimpate, kwa sababu alichokidai amepewa chote.

Siku ya kupiga kura alikwenda na wifi yake. Siasa zao zilikuwa mbali, lakini foleni ilikuwa ndefu, na mtu anahitaji wa kumshikia nafasi. Zamu yake ilipofika alisimama nyuma ya kile kibanda cha kadibodi akiwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi, akamtazama mgombea wake kwenye karatasi. Pale alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile likamrudishia ndoo zote. Akajaribu kufikiria mradi, akashindwa. Akajaribu kufikiria ile radhi, asiiamini. Mwishowe alimfikiria kaka yake anavyotazama nyuma. Akaweka alama upesi, kama mtu anayekunywa dawa chungu akiwa ameziba pua.

Nje walianza kuvuka uwanja wa kituo. Kisha wifi akashusha pumzi.

"Nisikufiche, wifi. Hata mimi mkono ulisita. Wako ameomba radhi. Wangu hajawahi kuniomba hata chumvi."

"Ukampa nani sasa?"

"Nimempa wangu. Majiko yanawaka."

Walicheka mpaka askari wa kituo akawageukia, nao wakaona waendelee kucheka nyumbani.

Mgombea alishinda kwa kura chache. Mtaa ulilipuka vigelegele, lakini nyumbani kwa Bi Mapazia ulisikika mlio wa cherehani tu. Jioni kaka yake alikuja, akakaa kwenye kizingiti, akasema kwamba Rais mpya ana masikio mabaya. Akasubiri. Barabarani watu walipita na shughuli zao. Akarudia, safari hii kwa sauti ya kuita utingo, na alipoona hakuna aliyemjia alianza kulia, na dada yake akasimamisha cherehani akaenda kukaa naye.

Maji hayakujua kwamba serikali imebadilika. Mabomba yaliendelea kukohoa, waziri mpya akashauri subira, na wifi mtu akawa na jambo la kumwambia Bi Mapazia kila asubuhi. Siku moja Bi Mapazia alichukua ndoo yake tupu, akakusanya wanawake wenzake, wakaenda kukaa mlangoni pa ofisi ya maji. Wifi alikuwa mstari wa mbele, kwa maelezo kwamba bomba la nyumbani ni moja, halina chama. Mlinzi alimtambua Bi Mapazia.

"Si wewe mama wa redioni? Mbona unamsumbua mtu wako?"

"Nisipomsumbua mimi niliyempa kura," alisema, "atasumbuliwa na nani?" Akaigeuza ndoo, akaikalia.

Waliukalia mlango wa ofisi ile kwa majuma kadhaa, wakipokezana. Sasa maji hutoka siku mbili kwa juma. Si haba, wala hayatoshi. Mumewe amepata kazi nyingi mpaka analalamika kiuno, na Bi Mapazia humwambia asilalamike, yeye ana shingo. Siku mbili za maji humwacha Rais apumzike. Siku tano zilizobaki humsema kama zamani, na yuko tayari kumsema redioni pia, neno kwa neno, ila siku hizi redio haimwiti.