Mbwa Aliyeachwa Giakanja

Nilipokuwa mtoto hakuna mtu aliyenikataza kugusa mbwa wa watu kwa sababu mbwa huuma. Kwamba mbwa huuma tulijua wenyewe, na wengi wetu tulikuwa na alama mguuni. Siku hizi nikiwa mjini Nyeri nawasikia akina mama wachanga wakiwavuta watoto wao mbali na mbwa wasiyemjua: usimguse, hujui kama amedungwa sindano, hujui ni wa nani. Wanasema kweli. Lakini Cucu wangu, yaani nyanya aliyenilea, alikuwa na sababu nyingine, na hiyo yake ndiyo iliyonikaa mwilini hadi leo nina wajukuu.

Kwa Cucu, mbwa aliyeachwa na mwenyewe hakuguswa kichwani. Mgongoni unaweza kumchapa fimbo, mkia unaweza kuukanyaga kwa bahati mbaya, hayo hayakuwa na neno. Kichwa ndicho kilichobeba mambo.

"Hiyo mbwa inatafuta mtu wa kupatia mzigo yake," alisema. "Ukiiguza kichwa, umepokea. Na wewe pia utaachwa."

Ushahidi alikuwa nao. Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya kabla ya Uhuru, watu wa kwetu walihamishwa kwa nguvu, wakafungiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, na mbwa wakabaki kwenye maboma yaliyochomwa. Jirani mmoja alimhurumia mbwa wa namna hiyo akampapasa kichwa, na mumewe akapelekwa kizuizini asirudi. Nilipokua nilijiuliza ni mume wa nani aliyebaki nyumbani miaka hiyo. Babu yangu alichukuliwa vilevile, na Cucu hakuwa amegusa mbwa yeyote. Lakini sikumuuliza. Kulikuwa na mambo ambayo mtoto hakuuliza, na hilo lilikuwa la kwanza.

Tuliishi wawili, juu kidogo ya soko la Giakanja. Mama yangu hakuwa ameolewa aliponizaa, kwa hivyo jina langu halikutoka upande wa baba. Nilipewa la Cucu, Wangechi. Kwetu jina si la kuitwa tu. Mtoto aliyepewa jina la nyanya yake ni yule nyanya amerudi. Majirani walinitania kwa hilo kila siku, wakiniuliza kama mgongo bado unaniuma na kama wajukuu wangu hawajambo. Cucu mwenyewe aliniita wajina.

Mama alikuwa Nakuru, akipika katika nyumba ya watu. Uhuru ulikuwa umekuja si zamani, na kila aliyeweza kutembea alikuwa akitembea kutafuta kazi. Alikuwa amesema atakuja Krismasi. Nilikuwa na hiyo Krismasi kichwani tangu mvua za masika, nikilala nayo na kuamka nayo.

Cucu alinipenda, nisije nikamsingizia. Alinipenda kwa nduma ya moto asubuhi, na kwa kunifunga leso shingoni ukungu wa Julai uliposhuka ukatufunika. Lakini hakuwa mtu wa kukumbatia. Jioni tulikaa pande mbili za moto, yeye akisuka kiondo, mimi nikitazama nyuzi, na saa nzima ingeweza kupita bila neno. Nilikuwa mpweke. Wakati ule sikuwa na jina la jambo hilo. Nilidhani ni njaa, na nilikuwa naomba chakula hata nikiwa nimeshiba.

Mbwa alikuja Julai hiyo. Mzungu mmoja wa upande wa Mweiga alikuwa ameuza shamba akarudi kwao, na wafanyakazi wake waliteremka sokoni kwetu na lori, wakiwa na magodoro, kuku, na mbwa mmoja mkubwa wa rangi ya chai ya maziwa, masikio yakining'inia, mkanda wa ngozi shingoni. Watu walipotawanyika kila mtu na godoro lake, mbwa hakuchukuliwa na yeyote. Alikwenda akalala nje ya bucha, na hapo ndipo pakawa kwake.

Karanja wa bucha alimtupia mifupa, ila kwa mbali. Watu wazima walimzunguka kana kwamba ni dimbwi la maji. Wengine walikumbuka mbwa wa polisi wa miaka ya Emajensi, wengine walikumbuka aliyoyakumbuka Cucu. Hakuna aliyempiga na hakuna aliyemkaribia.

Sisi watoto tuligundua siri yake kwa bahati. Mvulana mmoja alimfokea kwa Kiingereza kile kile cha mwalimu wetu, "Sit down!" na mbwa akaketi, wima, ametulia, akitungoja tuendelee na somo. Tulicheka hadi tukalala chini. Karanja alitoka na kisu chake mkononi.

"Ati mnacheka nini? Hii mbwa inajua Kizungu kuwashinda nyinyi wote," alisema. "Ingekuwa darasani ingekuwa namba moja."

Wenzangu walichoka na mchezo huo baada ya wiki. Mimi sikuchoka. Nikitoka shule nilipitia bucha, nikasimama mbele yake nikamwambia "Sit down," naye akaketi na kunitazama usoni. Huenda hakuna mtu mwingine aliyenitazama usoni muda mrefu hivyo mwaka ule. Siku moja kulikuwa na manyunyu, bucha imefungwa, barabara tupu. Mbwa aliinuka bila kuambiwa, akaja akaulamba mkono wangu. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wangu haukuwa na kitu, na aliulamba. Kisha akaegemeza kichwa chake gotini pangu, akashusha pumzi.

Nilimgusa. Niliweka mkono wa kulia katikati ya yale masikio, mahali penye joto, nikauacha hapo. Sikusahau maneno ya Cucu, yalikuwa wazi kichwani mwangu kana kwamba yanasemwa. Nilitaka tu kugusa kitu kilicho hai.

Krismasi ilipofika nilivaa gauni langu nikaenda steji kungoja basi la kutoka Nyeri mjini. Lilipokuja walishuka watu na makopo ya mafuta, na mikate, na watoto wenye viatu vipya. Mama hakushuka. La jioni lilipokuja, nikawa nimejua kabla mlango haujafunguliwa. Cucu alikuja kunichukua. Aliniambia chapati zinapoa.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ningefurahi kama ingekuwa mguu. Usiku ule nililala nikijua jambo moja tu, kwamba Mama ameniacha na kwamba mkono wangu ndio uliolipokea jambo hilo. Kisha nikawaza mbele zaidi, nikaogopa zaidi: kama mzigo umo mkononi, basi nikimgusa Cucu nitampa na yeye.

Tangu siku hiyo niliufunga mkono ule. Niliusugua kwa jivu mtoni hadi ngozi ikapasuka. Nilikula kwa mkono wa kushoto, nikabeba kuni kwa wa kushoto, na Cucu akinipa kitu nilikipokea kwa wa kushoto, jambo ambalo kwetu ni kukosa adabu. Alinikaripia mara ya kwanza na ya pili. Baadaye akaacha, akawa ananiangalia. Asubuhi za baridi alipokuja kunifunga leso nilirudi nyuma hatua moja.

"Wajina," aliniambia jioni moja, kiondo kikiwa magotini, "hiyo mkono iko na nini?"

Nilimwambia yote. Nililia kwa sauti hadi kuku wakaamka. Nilitegemea fimbo, na kusema kweli ningeipokea kwa shukrani. Yeye aliendelea kusuka mpaka mstari ukaisha, kisha akauliza, "Uliiguza kichwa ama shingo?"

"Kichwa, Cucu."

"Haya. Kula."

Siku ya soko iliyofuata alivaa kitambaa chake cheupe cha kanisani, akanishika mkono wangu wa kushoto, tukateremka. Soko lilikuwa limejaa. Alinipitisha katikati ya wauza viazi na wauza kunde, tukafika bucha. Mbwa alikuwa amelala palepale, mbavu zake sasa zinahesabika. Cucu aliweka kiondo chini. Aliinama taratibu, maana mgongo ulikuwa unamuuma yeye kweli, akaweka kiganja chake chote juu ya kichwa cha mbwa.

Wanawake waliokuwa karibu waligeuka. Mmoja akasema, "Mama, unafanya nini? Wewe si ndiye hutukataza?"

Cucu alizungumza na mbwa, kwa sauti ile aliyotumia kuzungumza na wenye maduka.

"Wangechi aliyekuguza ni mimi. Umesikia? Jina ni moja, mtu ni mmoja. Huyu mdogo hana kitu yako. Ukitaka mtu, niko hapa."

Halafu akauchukua mkono wangu wa kulia, ule uliopasuka, akaushika barabara mbele ya watu wote, nasi tukapanda nyumbani. Mbwa alitufuata. Cucu hakumfukuza. Jioni ile nilikula kwa mkono wa kulia, na githeri ile sijaisahau.

Mama alikuja masika yalipoisha. Alishuka kwenye basi akiwa amenenepa kidogo, na kitambaa kipya, na kiatu kimoja kilichokwama kwenye tope akakiacha akinikimbilia. Nililia, nikacheka, nikamgusa kwa mikono yote miwili. Nikajua Cucu ameshinda, mzigo umeniondoka. Siku mbili baadaye wakaniambia ninakwenda kuishi Nakuru. Mama alikuwa amepata chumba, na kulikuwa na shule karibu.

Asubuhi ya kuondoka Cucu alinifunga leso shingoni, akaikaza kuliko kawaida. Nikamuuliza kama yeye atakuja lini.

"Nani atakamua ng'ombe?" akasema. Kisha akanigusa kiganja cha kulia. "Hiyo mkono, ukule nayo."

Hakuteremka nasi hadi steji. Alibaki pale kwenye ua wa miti, mbwa amekaa ubavuni mwake, wima, kama alivyofundishwa na wenyewe wa kwanza. Nilipogeuka nikaona mkono wa Cucu umeshuka ukakaa juu ya kichwa chake. Nilikuwa na umri wa kufurahia basi, na nilifurahi.

Nilirudi likizo, si likizo zote. Mbwa alikufa nikiwa darasa la sita, Cucu akamzika chini ya mparachichi, jambo lililosemwa sana pale kijijini, maana mbwa hazikwi. Cucu aliishi miaka mingi baadaye peke yake katika nyumba ile, akila kwa sahani moja. Akafa asubuhi moja ya ukungu na jirani ndiye aliyegundua, moshi ulipokosa kuonekana.

Muda mrefu niliamini kwamba Mama alichelewa kwa sababu ya mbwa, na alikuja kwa sababu ya Cucu. Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto, nilipomwambia Mama habari hiyo, nikidhani tutacheka. Hakucheka. Alisema Krismasi ile alikuwa amefunga mizigo akaifungua tena. Mtoto aliyebeba jina la nyanya yake ni wa nyanya yake, alisema. Kuja kunitazama na kuondoka bila mimi asingeweza, na kuja kunichukua ni kumwibia mama yake mtu wa mwisho aliyebaki naye. Kwa hivyo hakuja kabisa.

"Sasa ulikuja aje?" nikamuuliza.

"Aliniita," Mama akasema. "Alituma jirani aliyekuwa anakuja Nakuru kuona bwana yake. Akasema, mwambie Wangechi mkubwa amesema Wangechi mdogo amekula na mkono ya kushoto vya kutosha. Akuje amchukue."

Nikahesabu miezi nikaona ujumbe huo ulitumwa wakati gani. Ulitumwa siku zile zile Cucu alipomgusa mbwa sokoni, pengine siku ile ile, kiganja chake kikiwa bado na harufu ya mbwa.

Wajukuu wangu wakiniuliza kama waguse mbwa wasiyemjua mjini, nawaambia wasiguse, kwamba mbwa huuma, na kwamba sindano ya kichaa cha mbwa si mchezo. Hayo yanatosha kwa mtoto. Siwaambii kwamba nyanya wa nyanya yao aliamini kila neno la lile katazo, na hata hivyo akaenda sokoni mchana kweupe akaweka mkono pale palipokatazwa. Mumewe alikuwa amekwisha kwenda. Binti yake alikuwa amekwisha kwenda. Alipomwambia mbwa yule, niko hapa, alijua vizuri kwamba amebaki mtu mmoja tu duniani wa kumwacha, na alikuwa amenishika mkono.