Aliyewapa Tetere Majina

Fundi saa amefariki dunia. Amezikwa Chukwani Jumatano baada ya sala ya alasiri, na waliomsalia hawakuzidi safu moja na nusu. Habari zake nililetewa ofisini na bwana mmoja wa mjini, kanzu safi, mkononi fimbo ya mpingo. Alikaa, akaomba maji, akanywa, kisha akaniambia, "Bwana mwandishi, hebu muandikie marehemu maneno mazuri. Sema alikuwa mtu wa watu, alipendwa na kila mtu." Nikamuuliza, "Wewe ulikwenda kumzika?" Akasema jua lilikuwa kali na Chukwani ni mbali. Wasomaji wangu mmenizoea mpole katika safu hii, hasa ninapomkumbuka aliyetutangulia. Leo mtanisamehe. Siwezi kuandika kwamba alipendwa na kila mtu, kwa sababu nilikuwepo siku alipoanza kuchukiwa, na bwana huyo mwenye fimbo alikuwepo pia.

Duka lake lilikuwa Mkunazini, chumba kimoja kinachotazama uchochoro, meza chini ya dirisha, saa za ukutani kila upande. Mlango wa nyuma uliingia nyumbani alimoishi na mkewe. Mungu hakuwajaalia mtoto. Kazi yake aliifanya akiwa ameng'ang'aniza kioo cha kukuzia kwenye jicho la kulia, pumzi ameibana, na ole wako umsemeshe kabla hajaiweka chini springi aliyoishika. Akimaliza kuitengeneza saa yako hakukukabidhi mkononi. Aliisogeza sikioni mwako mwenyewe, akakwambia, "Sikiliza," akangoja mpaka uso wako uonyeshe kwamba umesikia. Aliwahi kumrejesha mtu na saa yake bila kuifungua. "Saa yako nzima, yakhe," alimwambia. "Anayechelewa ni wewe." Pale mlangoni lilining'inia tundu kubwa la waya lenye tetere wawili, njiwa wale wadogo, ambao aliwalisha kila asubuhi mtama na chuya alizozichambua mkewe katika mchele.

Tetere wale hawakuwa na majina, na hakutaka wawe nayo. Nilikuwa nikipita pale karibu kila siku, tukawa tunabishana juu ya jambo hilo kama watu wasio na shida. Yeye alishikilia kwamba jina ni la mtu, kwa sababu mtu ataulizwa. "Ndege ataulizwa nini?" alisema. "Jina ni mzigo, na huyu hana mabega." Mimi nilimwambia kwamba anayemlisha kiumbe miaka miwili bila kumpa jina ana roho ngumu. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa nawatazama. Kikopo cha mtama kilifungwa juu, karibu na dari ya tundu. Tetere mmoja, mwembamba, aliruka mpaka kwenye kikopo, akapekua, na mtama ukamwagika chini. Yule wa pili, mnene, kifua mbele, hakujishughulisha kuruka. Alitembea polepole akiokota kilichomwagwa na mwenzake. Nikasema, "Fundi, hawa majina yao wamekuja nayo wenyewe. Huyu wa juu ni Mkwezi, na huyu wa chini ni Bwana Shamba, mwenye minazi." Fundi alicheka mpaka kioo kikamtoka jichoni. Ndani nyuma ya mlango nikamsikia mkewe naye anacheka. Mwisho wa wiki mtaa mzima uliwaita hivyo. Wenye mashamba walipokuja kuchukua saa zao waliuliza, "Bwana Shamba keshakula?" Wakwezi waliopita na kamba zao mabegani walimpigia mluzi yule mwembamba wakamwambia ashuke, asije akavunjika shingo. Walicheka wote. Nataka ikumbukwe kwamba walicheka wote.

Kisha ikaja siasa. Sina haja ya kueleza, kwa maana kila mmoja wetu ameionja. Mtu akitaka chumvi ya senti tano aliuliza kwanza mwenye duka yuko upande gani. Majirani waliokuwa wakipelekeana futari wakaanza kupitana mlangoni kama hawakuonana. Harusi ziligawika, na hata maiti akawa anatazamwa kwanza ni wa nani ndipo watu wavae viatu. Neno lililosemwa mwaka juzi kwa mzaha likafukuliwa, likapanguswa vumbi, likaonekana kuwa tusi. Fundi hakuwa na upande. Akiulizwa alisema, "Mimi nnatengeneza saa, na saa zote zinakwenda upande mmoja." Jibu hilo liliwachekesha watu mara ya kwanza. Mara ya pili hawakulipenda.

Siku ninayoisema nilikuwa nimekaa dukani nangojea saa yangu, ambayo ilikuwa mbele yake mezani, imefunguliwa. Wakaingia mabwana watatu. Aliyetangulia ndiye huyu wa fimbo ya mpingo. Walitoa salamu tukaitika, lakini hawakukaa.

"Fundi," alisema, "tumekuja kwa wema. Ndege wako wanatuudhi."

"Wamewafanya nini?"

"Unajua. Unakaa hapa njiani unamwita ndege Bwana Shamba, mlafi, mvivu, anakula jasho la mwenziwe. Kila apitaye anacheka. Sisi na baba zetu tumekuwa kichekesho cha mtaa."

"Lakini hata wewe ulikuwa ukicheka, sheikh," fundi alimjibu taratibu. "Ulikuwa ukimletea mtama."

"Zamani hizo. Sasa nnakuuliza mbele ya hawa: nani kawapa majina haya?"

Fundi alikitoa kioo jichoni. Akanitazama mimi. Haukuwa mtazamo mrefu, wala haukuwa wa kuomba. Ulikuwa ni mtazamo wa mtu anayempisha mwenzake mlangoni, kwamba tangulia wewe. Nilikuwa na la kusema, na lilikuwa fupi. Lakini nilifikiri juu ya gazeti, na juu ya mwenye gazeti, ambaye alikuwa rafiki wa hawa mabwana. Nilifikiri juu ya watoto wangu wanne. Nikainamisha kichwa nikaitazama saa yangu pale mezani kana kwamba naweza kuitengeneza.

"Mimi," alisema fundi. "Nimewapa mimi."

Walitoka bila kuaga. Fundi akarudisha kioo jichoni, akaifunga saa yangu, akaisogeza sikioni mwangu kama ilivyokuwa desturi yake. "Sikiliza," akasema. Nikamlipa nikaondoka.

Kuanzia siku ile hakuwaita tena ndege wake kwa majina barazani. Alidhani yatakwisha. Haikupita nusu mwezi wakaja watu wa upande wa pili, vijana wenye sauti, wakamuuliza kwa nini amemfutia Bwana Shamba jina lake. Amewaogopa mabwana? Au amenunuliwa? Na huyo Mkwezi, ati mkwezi kwake ni ndege wa kufugwa tunduni? Maskini alikanusha yote. Alichokuwa amekifanya kuwapendeza wale kiliwakasirisha hawa, na alichokikanusha kwa hawa kilifika kwa wale kimegeuzwa. Wateja wakapungua pande zote mbili, mpaka saa zilizobaki ukutani zikawa ni zake mwenyewe. Ijumaa moja alirejea kutoka msikitini akakuta tundu limepasuliwa. Tetere wote wawili wamenyongwa shingo, wamelazwa juu ya meza yake ya kazi, katikati ya vyombo vyake vidogo. Mchana kweupe, katika mtaa wenye madirisha kila upande, na hakutokea mtu aliyesema ameona kitu.

Nilimkuta uani anachimba shimo kwa bisibisi na kijiko. Mkewe amesimama kando, kanga ameiuma. Nikamwambia, "Fundi, pole. Lakini kwa nini ujitese hivi? Jaa liko pale kona." Akaniambia bila kuinua uso, "Wangekuwa hawana majina ningewatupa jaani. Sasa wana majina, nnawatupaje?" Nilisimama pale nikijua kwamba hiyo ndiyo nafasi yangu ya pili. Nayo nikaiacha ipite.

Mwaka ule ule alifunga duka wakahamia Chukwani, kwenye kiwanja cha jamaa za mkewe. Nilikwenda kumtazama mara moja tu, naandika hivi kwa aibu, ilhali ni mwendo ambao mtu mwenye baiskeli anaumaliza kabla jua halijamchoma. Nilimkuta amekonda, kikohozi kimemshika, lakini uso umekunjuka aliponiona. Nikamwamkia, "Shikamoo, fundi," akaitika, "Marahaba, karibu, karibu." Ukutani palikuwa na tundu la makuti lenye chiriku sita. Kwa kuwa sikuwa na la kuanzia nikauliza, "Hawa wanaitwaje?" Akanijibu, "Hawaitwi. Wanalishwa tu." Mkewe alikuwa anapita na ungo, akasimama. "Usimsikilize," alisema. "Anawajua mmoja mmoja. Kakifa kamoja hali siku nzima." Fundi akaangalia pembeni. Nilikuwa nimekwenda kumwomba radhi. Tulizungumza habari za mvua na bei ya nazi, tukanywa kahawa, nikapanda baiskeli yangu.

Wengi mnaniandikia, na miongoni mwa barua zilizo juu ya meza yangu iko ya msomaji wa Mbweni anayeuliza kama inafaa kumpa jina ndege wa kufugwa. Anasema jirani yake amemkanya, kwa hoja kwamba kiumbe akipewa jina moyo humganda, na akifa huumia zaidi. Nilikusudia kumjibu kwa mzaha. Sasa namjibu kwa niliyoyaona. Jirani amekosea. Chiriku wa Chukwani hawakuwa na jina hata moja, na yule mzee alikosa kula kwa ajili yao. Kinachoumiza ni kule kuamka alfajiri kuwatia maji na mtama, jina liwepo lisiwepo. Mpe jina ndege wako ukipenda. Hofu yangu mimi iko mahali pengine, iko kwetu sisi tunaotoa majina. Mji huu siku hizi haufanyi kazi nyingine. Tunakaa barazani tunapeana majina, huyu mgeni, yule mtumwa, huyu msaliti, yule kibaraka, na tukishalitoa jina tunakwenda zetu nyumbani kula. Anayebaki nalo ndiye anayevunjiwa tundu. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini hawakusema kwamba mara nyingi usaha hautoki mwilini mwa aliyetania.

Siku ya tatu ya msiba nilirudi Chukwani kwa ajili ya hitma. Ilipokwisha nilimwomba shemeji yake marehemu nimpe mkono wa pole mjane kwa maneno, naye akanikalisha ukumbini karibu na pazia, yeye akakaa pembeni. Mjane alikuwa ndani, katika eda yake. Nilimpa pole. Kisha nikamwambia niliyoyabeba miaka yote hii: kwamba majina ya wale tetere niliyatoa mimi, na kwamba siku walipokuja wale mabwana nilikuwepo nikanyamaza.

Kisha akasema, "Nnajua, bwana. Siku ile ya kwanza nilikuwa nyuma ya mlango, nikausikia mzaha wako nikacheka. Na siku ile ya mabwana nilikuwa pale pale nyuma ya mlango."

"Mzee alisema nini?"

"Alisema una watoto. Alisema mtu mwenye watoto asilazimishwe." Nikasikia anavuta pumzi. "Yeye alikusamehe kabla hujafika mwisho wa uchochoro. Mimi sikuwa na watoto, nilikuwa na mume na duka na ndege wawili. Mimi bado, bwana. Mungu akitia wepesi nitakuletea habari."

Nikamshukuru, nikatoka. Sikuwa na haki ya kumuuliza lini.

Hili ndilo ninaloliacha kwenu wiki hii. Neno la kweli lina saa yake, na saa hiyo ni ile ambayo kulisema kutakugharimu kitu: kazi, rafiki, mkate wa watoto. Ukiisubiri ipite utakuta neno lenyewe bado liko kinywani, zima, halina kasoro, ila halifai tena kwa yeyote. Majina yale niliyatoa mimi. Neno hilo nimeliandika hapa kwa herufi za gazeti ambazo mji mzima utazisoma, na yule bwana wa fimbo atazisoma, na pengine mtanisifu kwa uaminifu. Msinisifu. Mwenye gazeti wa siku zile alikwishauza, watoto wangu wamekuwa watu wazima, na fundi hana tena mteja wa kunyang'anywa. Kukiri kwangu leo hakunigharimu hata kikombe cha kahawa.