Salamu Inayoenda Ukutani

Mama albino anayeshona karibu na gare, kituo cha treni, huinamia kitambaa mpaka shavu likaribie kukigusa, na tundu la sindano hulitafuta kwa ncha ya ulimi. Macho yake hayatulii. Ukimpigia makofi ya heshima mlangoni, anageukia upande usio wako na kuusalimu ukuta.

“Ule mama iko na majivuno,” wanawake wanasema, na vitambaa vyao wanapeleka kwingine. Éliane naye alisema hivyo, mpaka alipomzaa Talitha, mweupe vilevile. Mwuguzi akamweleza kwamba kwa watu hao nyuzi za macho hupita njia nyingine zikiingia ubongoni, na pengine hata za masikio, hata sauti ya kushoto wakaisikia kulia.

Leo Éliane amemleta mtoto apimwe kanzu ya ubatizo. Anapiga makofi akiwa kushoto. Mshonaji anageukia kulia.

“Karibu, mama,” anauambia ukuta.

Éliane anavuka chumba, anasimama pale salamu ilipoangukia, anaitikia. Mshonaji anazipapasa nywele za Talitha, anaziinamia mpaka aone ni nyeupe kama zake.

“Umufundishe kuuliza, ‘Uko wapi?’” anasema polepole. “Miye nilisikia haya ya kuuliza, njo maana bantu balinikimbia.”